Sungura Aliyetumwa kwa Baba Mkwe

Kiseke, Mwanza
14 Machi 1993

Shangazi yangu Akeyo,

Shikamoo! Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wangu mwenyewe. Mlango wangu, shangazi, wenye komeo langu! Mimi na Josephat wangu tu wazima kabisa, hata mafua hayathubutu kutukaribia. Vipi kiuno chako? Vipi kuku, vipi mihogo, vipi kaka Gidion na basi lao? Waambie wote nawakumbuka sana, ila sijakonda kwa kuwakumbuka, maana mume wangu hanipi nafasi ya kukonda.

Huku Kiseke nyumba ni chache na mawe ni mengi, makubwa kuliko nyumba, yamekaa moja juu ya jingine kana kwamba kuna mtu aliyapanga akasahau kurudi kuyachukua. Jua la asubuhi likiyagusa mimi nasimama na ufagio mkononi, nasahau kufagia. Josephat ananicheka: "Mke wangu, mawe hayo hayatakimbia." Kisha anakwenda kazini, kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, na jioni anarudi akinuka samaki, nami naapa sijapata kunusa harufu tamu kama ile.

Shangazi, siku chache baada ya harusi alikuja na kikapu kimefunikwa kitenge. Nikadhani ni nyanya. Nikafunua, nikakuta macho mawili mekundu kama ushanga yananitazama! Sungura mweupe, mweupe mpaka naogopa kumshika na mikono yenye masizi. Tumemwita Pamba. Mimi kwa sababu ya weupe wake, Josephat kwa sababu ya timu yake ya mpira. Alilala miguuni pangu nikichambua mchele. Niliwaza, hivi kweli furaha inaweza kuwa na masikio marefu namna hii?

Sasa nikueleze lililonifanya nishike kalamu. Mwezi uliopita baba mkwe alikuja kutoka kijijini kutibiwa macho. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, haoni ila mwanga na kivuli. Alikuja na mbwa wake, Shimba, ambaye ndiye anayemwongoza njiani. Josephat alikuwa amemwomba amwache mbwa nyumbani, mzee akasema, "Basi na mimi nibaki."

Na unajua desturi yao, inafanana na yetu ila wao wameikaza zaidi. Mkamwana na baba mkwe hawasemezani, hawakai chumba kimoja, hawali pamoja. Hata jina lake silitamki, na hapa siliandiki. Mimi napika, Josephat anapeleka. Josephat akiwa kazini, naweka chakula mlangoni, nagonga mara moja, nakimbilia jikoni.

Juzi Ijumaa Shimba alikata kamba. Nilisikia mlio ambao sikujua kuwa sungura anaweza kuutoa, kama mtoto mchanga. Nilipofika, Pamba alikuwa mdomoni mwa mbwa. Nilimpiga Shimba kwa mwiko mpaka mwiko ukavunjika. Amemng'ata mgongoni na kwenye paja la nyuma, nyama inaonekana. Nimemlaza kwenye kikapu kilekile alichokuja nacho. Hali, hanywi, anatetemeka tu. Wewe ulipata kufuga sungura pale Kinesi. Nifanye nini? Nimelia mpaka Josephat naye akalia, na yeye ni mwanamume wa Kisukuma, shangazi, hawalii ovyo.

Na utakuja lini uone nyumba yangu?

Mwenye mlango wake,
Rebeka

---

Kinesi
2 Aprili 1993

Rebeka,

Marahaba. Kiuno kipo palepale. Mvua imenyesha, mihogo imesimama. Dagaa wamepungua, na yale magugu ya majani mapana yanayoelea yamefika mpaka kwenye gati letu, mitumbwi inapita kwa kusukuma.

Barua yako imechelewa, kwa hiyo sijui kama nakuandikia habari za mgonjwa au za marehemu. Kama yu hai, chemsha maji na chumvi kidogo, yapoe, umwoshe asubuhi na jioni. Nyoa manyoya yanayozunguka kidonda. Inzi wasimkaribie, inzi ndio watakaomwua, siyo meno. Tafuta ile dawa ya zambarau ya hospitali. Na umlazimishe kula. Sungura akiacha kula tumbo linasimama, na tumbo likisimama hakuna dawa. Mpe majani ya viazi, mpe mchunga.

Sisi hapa sungura tuliwala. Lakini sikukutuma umle.

Kuhusu mkweo, shika desturi. Usije ukamtolea sauti kwa hasira za mbwa. Mwanamke mgeni anapimwa kwa mdomo wake. Umeolewa mbali, huna wa kukutetea.

Shangazi yako,
Akeyo

---

Kiseke, Mwanza
18 Aprili 1993

Shangazi yangu wa dhahabu,

Shikamoo tena na tena! Yu hai! Yu hai! Ningekuwa na mabawa ningekuja kukwambia mwenyewe. Salamu za Josephat. Anasema dada zake wote wakusanywe hawakufikii kwa akili. Nimemnyoa Pamba kwa wembe mpya, nimemwosha kama ulivyosema, na sasa ana mgongo wa zambarau kama padri wakati wa Kwaresima.

Lakini shangazi, kaa chini. Lina mambo hili.

Siku mbili baada ya kukuandikia, Josephat akiwa kazini, nilikuwa jikoni nambembeleza Pamba ale. Nilikuwa nasema naye kama mwendawazimu: "Pamba wangu, kidonda chako leo kimevimba, na hiki kinachotoka ni maji au ni usaha? Mimi sijui, Pamba." Ukuta wa jikoni na chumba cha mzee ni mmoja, na juu haukufika kwenye bati. Mara nikasikia upande wa pili mtu anakohoa. Kisha sauti nzito, ya taratibu:

"Wewe sungula."

Nikaganda! Anasema "sungula", shangazi, kama wazee wote wa kwao.

"Sungula, mwambie huyo anayekuuguza anuse. Kama hakinuki, ni maji tu."

Nikanusa. Hakikunuka. Sasa nifanye nini? Kumjibu siwezi. Kunyamaza ni kiburi. Nikainama kwenye sikio la Pamba nikasema, kwa sauti ya kufika ng'ambo: "Pamba, mwambie aliyekuuliza kwamba hakinuki."

Halafu nikasikia, "Sungula, umesema vizuri."

Tangu siku hiyo, kila Josephat akitoka, tunazungumza kupitia Pamba! Yeye haoni, kwa hiyo lazima nieleze kila kitu: rangi, upana, kama nyama imeshuka au imepanda. Sijapata kutazama kitu chochote duniani kama nilivyokitazama kidonda kile. Shangazi, unajua kwamba nyama inaota? Inaanza kwa vichembe vyekundu vidogo, vinang'aa, kama mbegu za komamanga, vinatoka chinichini bila mtu kuvipanda. Nilipovieleza, mzee akasema, "Sungula, Mungu anafanya kazi kwako na wewe umelala tu."

Na mengine anayasema. Jana alisema, "Sungula, mwambie mpishi ugali wa leo ulikuwa na mabonge." Nikajibu, "Pamba, mwambie mlaji kwamba aliyepika alikuwa anakuosha wewe, na mlaji ndiye mwenye mbwa." Nikajuta palepale! Lakini shangazi, alicheka. Alicheka mpaka akakohoa.

Sasa lile zito. Mwezi wa sita wanakuja madaktari wa macho kutoka nje, watakaa hospitali wiki moja tu, halafu wanaondoka na hakuna ajuaye watarudi mwaka gani. Jina la mzee limeandikwa. Naye amekataa. Amemwambia Josephat: "Nimekuja kwako kutafuta macho, mbwa wangu akamwaga damu kwenye zawadi ya harusi yako. Sitoki hapa na macho mapya nikaacha maiti nyuma. Huyo mnyama akipona, nitakwenda. Akifa, nirudisheni kijijini kama nilivyo." Shimba amesharudishwa kijijini na jamaa yao, kwa hiyo mzee sasa hatoki hata uani. Josephat ameomba, amenyamaza, ameomba tena. Wapi!

Kwa hiyo unaona, namwuguza sungura na macho ya mtu yako ndani yake. Niombee.

Anayekupenda kuliko jana,
Rebeka

Hujanijibu utakuja lini.

---

Kinesi
9 Mei 1993

Rebeka,

Marahaba. Huku tumezika mzee wa kanisa, ndiyo maana nimechelewa. Kuku mwenye kishungi amechukuliwa na kicheche.

Nimesoma barua yako. Usijidanganye. Kusema kupitia sungura ni kusema. Leo unamjibu ugali, kesho utamjibu nini? Watu wa Kiseke wana masikio, na ukoo wa mumeo una masikio marefu kuliko ya huyo mnyama wako. Acha. Mwachie mumeo abebe maneno ya baba yake.

Kidonda kikifunga juu haraka, usifurahi. Bonyeza pembeni uone kama kuna kitu kigumu.

Alisema nini baada ya kucheka?

Akeyo

---

Kiseke, Mwanza
23 Mei 1993

Shangazi,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na Josephat anakusalimu. Leo sina maneno mengi ya kupamba.

Barua yako ilifika siku ileile niliyobonyeza. Kidonda cha mgongo kilikuwa kimefunga vizuri, manyoya mapya yameanza, laini kama ukungu. Nilikuwa natangaza kwa kila jirani. Lakini kile cha paja kilifunga kwa juu tu. Chini yake pana uvimbe, mgumu, mkubwa kama yai la njiwa, na Pamba amerudi kutokula. Ameacha hata mchunga. Anasaga meno. Namshika, nasikia moyo wake unakimbia vidoleni mwangu kama mvua kwenye bati.

Nilijaribu kukutii, shangazi. Kesho yake nilinyamaza tangu asubuhi. Namwosha Pamba kimyakimya, nalia kimyakimya. Mchana mzee akasema kutoka ng'ambo, "Sungula." Sikujibu. Akasema tena, "Sungula, umekufa?" Sauti yake ilitetemeka. Mtu mzima yule, aliyelala porini na ng'ombe wake, sauti ikamtetemeka! Ningefanyaje? Nikasema, "Pamba, mwambie kwamba hujafa."

Akauliza, nikaeleza, kupitia Pamba, yote. Akasema lazima uvimbe upasuliwe, yeye amepasua ng'ombe wengi, ila macho hana. Nilichemsha wembe. Nilimfunga Pamba kwenye kanga, nikamweka magotini. Mzee akawa anasema taratibu, "Sungula, tulia. Mwambie akate palipo laini zaidi, akate kwa chini ili uchafu ushuke wenyewe. Mwambie asiogope, mkono ukiogopa unakata mara mbili." Nikakata. Ulitoka usaha mzito kama maziwa ya mgando, na harufu yake, shangazi, utanisamehe nisikuandikie. Nikaosha, nikaosha, mpaka chini pakaonekana pekundu. Kisha nilitoka nje nikatapika, nikarudi nikamwambia Pamba amwambie kuwa imekwisha.

Sasa ni kusubiri. Madaktari wanaingia tarehe kumi na nne. Pamba hajala kitu zaidi ya maji ya uji ninayomdondoshea. Mzee hajabadilika. Jana usoni kwa Josephat niliona kitu ambacho sijakiona tangu tuoane: alikaa kitandani na kadi ya hospitali ya baba yake, na hakunicheka hata nilipoangusha sufuria.

Shangazi, nakuuliza kama mama. Mzee anamsikiliza mnyama, lakini hili haliwezi kusemwa na mnyama. Pamba hawezi kumwambia, "Mimi nikifa, wewe nenda." Kuna mtu mmoja tu wa kulisema, naye amefungwa mdomo. Nikivunja desturi, je, nimevunja nyumba yangu?

Nijibu upesi. Kama unaweza, mpe Gidion, basi lao linafika Mwanza.

Rebeka

---

Kinesi
11 Juni 1993

Mwanangu Rebeka,

Gidion anasubiri, basi linawashwa. Sitakusalimu kwa kirefu.

Wewe hujui nilivyokaa kwa mume. Hakuna aliyekwambia, na mimi sikukwambia, nawe ulikuwa na adabu ya kutouliza. Nilikaa miaka kumi na moja. Baba mkwe wangu alikuwa chumba cha pili. Nilimpikia miaka yote hiyo. Nilimjua kwa kukohoa kwake. Nilijua akikasirika, nilijua akiota ndoto mbaya, nilijua anapenda samaki wa kukaushwa kuliko mbichi, maana sahani ilirudi nyeupe. Hatukusemezana. Mimi nilishika desturi mpaka watu wakanitolea mfano.

Alipougua, mume wangu alikuwa ziwani, kambini. Nilisikia mzee anaomba maji. Nilipeleka mlangoni, nikagonga, nikakimbia. Hakuweza kufika mlangoni. Asubuhi maji yalikuwa palepale.

Mume wangu hakunilaumu kwa maneno. Mengine unayajua, maana uliniona nikirudi nyumbani na sanduku.

Mimi ndiye niliyekwambia unyamaze. Nilikwambia kwa sababu kama kunyamaza si sahihi, basi mimi ninalala vipi?

Sema, Rebeka. Sema hata kama watakurudisha. Nyumba yangu ina chumba.

Akeyo

---

Kiseke, Mwanza
27 Juni 1993

Shangazi, mama yangu,

Shikamoo, shikamoo. Barua yako niliisoma mara moja, nikaikunja, nikaiweka ndani ya Biblia. Sitaijibu kwa maandishi. Nitakapokuona nitakushika mikono tu.

Gidion aliniletea Jumamosi. Jumatatu ndiyo madaktari walikuwa wanaanza. Asubuhi hiyo Josephat alikuwa ameomba ruhusa kazini, amekaa uani na viatu vya baba yake mkononi, hana la kufanya navyo. Pamba alikuwa jikoni kwenye kikapu, amefumba macho. Hakuwa amepona, shangazi, na sikujua kama atapona.

Nilijifunika kanga mpaka usoni. Nilikwenda kwenye mlango wa mzee. Sikugonga na kukimbia. Nilisimama, nikageuza uso pembeni, nikasema:

"Baba."

Kuku wa jirani waliendelea kuparura. Josephat aliinuka akasimama kama nguzo. Halafu:

"Nani anasema?"

"Ni mimi, Rebeka."

"Sungula yuko wapi?"

"Amelala jikoni."

"Kwa hiyo hakukutuma."

"Hapana, baba. Nimejituma." Nikashika mwimo wa mlango. "Pamba hajapona, na huenda asipone. Nimefanya nilichoweza na wewe umefanya ulichoweza. Nenda hospitali. Ukibaki bila macho kwa ajili ya zawadi yangu, zawadi hiyo nitaichukia, na mimi sitaki kuichukia. Nakuomba, baba."

Niliona maisha yangu yote yanapita, mlango wangu, komeo langu, mawe yangu. Nikasikia kitanda kinalia. Nikasikia fimbo inapapasa sakafu.

"Josephat," mzee akaita.

"Naam, baba."

"Viatu vyangu viko wapi? Mbona unachelewesha watu?"

Nilikimbia jikoni nikaanguka kifudifudi kando ya kikapu. Nililia mpaka kanga ikalowa. Walipotoka nilikuwa bado nalia.

Walimfanyia jicho la kulia Jumanne. Jumatano walimfungua bandeji. Josephat alikuwepo, anasema mzee hakupiga kelele kama wengine. Alitazama mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokuwa amewaazima wengine. Kisha akamtazama Josephat akasema, "Kumbe umekuwa mtu mzima." Basi. Josephat ananisimulia jambo hili kila siku na kila siku anashindwa kulimaliza.

Na Pamba! Jumatano hiyohiyo asubuhi, kabla hata sijasikia habari za hospitali, niliamka nikasikia kitu kinakatakata jikoni. Nikadhani panya. Nikachungulia. Alikuwa amesimama kwa miguu yote minne, ule mmoja wa nyuma ukiwa umepinda, anakula ufagio wangu! Nilikaa chini sakafuni, sikuthubutu kupumua. Kiumbe kidogo namna ile, kimepita kwenye meno ya mbwa, kimepita kwenye wembe wangu, halafu kinaamka asubuhi na njaa, kana kwamba kuamka na njaa si muujiza. Nilimletea majani ya viazi. Alikula mpaka nikaogopa. Kile kidonda sasa nakitazama kila siku kinavyopanda kutoka chini, chekundu, safi, hakuna anayekiamuru.

Mzee amerudi nyumbani Alhamisi. Nilimsikia anaingia uani na Josephat. Kwa mazoea nikachukua kikapu nikakimbilia nyuma ya nyumba. Nikamsikia anasema, kwa sauti ya kunifikia:

"Mwambieni Rebeka aache kukimbia. Nina jicho moja tu, litachoka kumfukuza."

Nikasimama. Josephat alicheka kicheko cha woga. Mzee akasema, "Aliyeniambia 'nenda' ndiye namtaka. Kuhusu ukoo, nitawaambia mwenyewe. Kijijini nina mkamwana anayeninyamazia, hapa nina mkamwana aliyeniita, na huyu wa pili ndiye aliyenipa macho. Atakayetaka kubishana aje hapa."

Nilitoka na kikapu, nimejifunika, natazama chini. Akavuta kigoda kwa mguu, akakiweka kando ya chake, siyo mbele, kando. "Keti, mwanangu," akasema. Nikaketi.

Sasa shangazi, nikuambie ukweli wote. Tulikuwa tumepata ruhusa ya kusema, na hatukuwa na la kusema! Josephat alituletea chai, akatuacha, ikapoa. Mimi nilikohoa. Yeye alikohoa. Pamba akatoka kikapuni mwenyewe, akachechemea mpaka katikati ya uwanja kwenye jua, akaanza kujilamba. Tulimtazama. Mzee alikuwa anamwona kwa mara ya kwanza, na kwa namna alivyokuwa anamwona, na mimi niliona kwamba nilikuwa sijamwona. Hatukusema kitu mpaka jua lilipotua nyuma ya mawe, na sijapata kuzungumza na mtu vizuri kama vile.

Wako, niliyesema,
Rebeka